Nililipia Kasi Nisiyoihitaji

Kama kila mwisho wa mwezi unalipia intaneti ya nyumbani shingo upande, na bado filamu inakwama katikati, haya nayaandika kwa ajili yako. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mabanga, kaunti ya Bungoma. Mshahara wangu hufika ukiwa umeshakatwa mkopo wa sako. Kinachobaki kinangojewa na karo, duka na chama cha mke wangu.

Tulianza na bando za simu. Jioni nilinunua bando ya siku, nikawasha hotspoti, watoto wakakaa mbele ya runinga. Bando iliisha kabla ya filamu, nami nikaamini naibiwa. Sikujua kwamba Netflix ikionyesha picha safi huweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa moja.

Waya wa faiba ulipofika upande wetu nilishukuru Mungu. Ajenti alitandaza karatasi ya bei mezani, nami sikumuuliza hata swali moja. Nilichukua megabiti 40 kwa sekunde, karibu shilingi elfu tano kwa mwezi. Niliamini kilicho ghali ndicho kizuri. Tena, niseme ukweli, nilipenda kuitaja ile 40 mbele ya walimu wenzangu. Mke wangu aliuliza kama kifurushi cha chini hakingetutosha. Nikamjibu kwamba mambo ya mitambo aniachie mimi.

Picha ziliendelea kukwama. Kila jioni kile kiduara kilizunguka katikati ya kioo, watoto wakinitazama mimi badala ya runinga. Nililaumu mvua, nikalaumu stima, nikalaumu kampuni. Wakati huo nilikuwa nimeanza kuandikiwa unga na sukari dukani ili bili ya intaneti ilipwe kwa wakati. Muhula mmoja binti yangu alirudishwa nyumbani kwa salio la karo lililokuwa dogo kuliko bili hiyo. Mpaka leo kulisema jambo hili kunaniuma.

Jumapili ya tarehe 10 Agosti 2025, Harambee Stars walicheza na Morocco katika mashindano ya CHAN, pale Kasarani. Nilikuwa nimewaalika ndugu zangu. Kabla ya mapumziko picha iliganda, na tukiwa bado tunaingoja tukasikia yowe kutoka nyumba za majirani: Ryan Ogam alikuwa amefunga. Kenya ilishinda 1-0, na bao hilo pekee hatukuliona. Nilitoka nje na simu, nikampigia kijana aliyetuwekea waya. Nilimwita mwizi, na mengine nisiyoweza kuyaandika hapa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Pole, Mwalimu. Kesho nitapita."

Kweli alipita, tena siku ambayo hakuwa kazini. Sikustahili hisani hiyo.

Alisimama kando ya ruta, akafungua fast.com kwenye simu yake, tovuti ya Netflix ya kupimia kasi. Ikaandika 38. Akaja sebuleni, akasimama kando ya runinga, akapima tena. Ikaandika 3, ikapanda 4, ikashuka 2. Akanionyesha simu bila kusema neno. Ruta niliagiza mimi mwenyewe iwekwe chumbani kwetu, nyuma ya kabati la chuma, watoto wasiichezee. Kati yake na runinga palikuwa na kabati hilo na kuta mbili za matofali. Mawimbi ya waifai hupungua nguvu kila yanapopita ukuta, na chuma huyazuia kabisa au kuyarudisha. Kasi niliyoikosea usingizi ilikuwa inaishia chumbani.

Kisha aligeuza runinga, akasoma kibandiko cha nyuma. Ni ya inchi 32, ya 720p. "Mwalimu," akasema, "hii hata ukiipa megabiti elfu moja, haiwezi kuonyesha picha safi zaidi ya hii." Akanieleza kwamba Netflix wenyewe hushauri megabiti 3 kwa picha ya 720p, 5 kwa 1080p, na 15 kwa 4K. Akaniuliza saa mbili usiku nyumbani kwangu huwa kumewashwa nini. Tukahesabu: runinga moja, simu ya binti anayetazama video za masomo, simu ya mama yake ya WhatsApp, na yangu. Jumla haikufika 10. Alisema niongeze akiba kidogo, kwa kuwa jioni mtaa mzima huwa mtandaoni. Kampuni ilikuwa na kifurushi cha megabiti 15, kwa nusu ya bei niliyokuwa nalipa.

Akaihamishia ruta sebuleni, juu ya rafu, akachomeka waya kutoka kwenye ruta moja kwa moja hadi runinga. Picha ikatiririka. Kuhusu yowe la majirani, alinifundisha jambo ambalo sikuwahi kulisikia: mechi ya moja kwa moja kupitia intaneti huchelewa, mara nyingi kwa nusu dakika hivi, hata laini iwe na kasi namna gani, kwa sababu video hukatwa vipande na kuwekwa akiba kwanza ndipo ionyeshwe. Mwenye antena huliona bao mapema. Tangu Kenya iache matangazo ya analogi mwaka 2015, runinga nyingi mpya huja na king'amuzi ndani yake, na chaneli za bure hazihitaji bando. Leo taarifa ya habari na mechi zinazoonyeshwa bure tunazitazama kwa antena.

Nilimwomba kijana yule msamaha mbele ya watoto wangu. "Yameisha, Mwalimu," akasema. Pesa alikataa, akanywa chai, akaondoka. Aliyepoteza fedha kwa ushauri wake ni mwajiri wake, na bado alinishauri.

Ungedhani nilishusha kifurushi siku iyo hiyo. Sikushusha. Mwezi uliofuata nililipa tena elfu tano, nikijua kasi hiyo siihitaji, kwa sababu niliona aibu kushuka. Nilijiambia labda tutanunua runinga kubwa. Nakuambia hili kwa kuwa huenda nawe umeshajua ukweli na bado unalipa. Mke wangu hakunisukuma. Jioni moja tu aliweka daftari la deni la dukani kando ya sahani yangu, akaenda kulala. Nililisoma ukurasa kwa ukurasa. Asubuhi nikapiga simu, na mhudumu akamaliza shughuli hiyo kabla chai haijapoa. Hakuna aliyeniuliza sababu. Walimu wenzangu hawajawahi kuniuliza.

Deni la dukani limekwisha, na binti yangu hajarudishwa nyumbani tena. Namshukuru Mungu, na ninamshukuru kijana yule.

Bei na kasi hubadilika, kwa hiyo uliza kila mara. Septemba 2024, kwa mfano, Safaricom ilipandisha kifurushi chake cha faiba cha shilingi 2,999 kutoka megabiti 10 hadi 15 bila kuongeza bei. Walio kule ambako faiba haijafika, kama baadhi ya sehemu za miteremko ya Mlima Elgon, wana pia Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, lakini wapige hesabu ya mtambo pamoja na ada ya mwezi kabla ya kuagiza.

Nawe, kabla ya kulipia mwezi ujao, pima kasi kando ya ruta, kisha pima kando ya runinga. Namba hizo zikiachana sana, hamisha ruta kwanza, wala usiongeze hata shilingi.