Gunia la Mbolea na Kisima cha Babu

Ua wa nyumba yetu hapa Malindi hauna ukubwa wa kujivunia. Ni mita 10 kwa 8, ukuta wa mawe pande zote, ukoka katikati, na pembeni kisima alichochimba babu, ambacho maji yake tumeyazoea kwa udhu, kwa kupikia na kwa kunywa. Humo ndimo tulimokusudia, sisi ndugu watano wa kike, kuwakaribisha kina mama siku ya harusi ya kitinda mimba wetu.

Kaskazi ilikuwa imeukausha ukoka hata ukawa wa manjano. Mvua za kwanza za masika zilipoanza kunyesha, tukaona wakati umewadia, tukanunua gunia zima la yuria, kilo 50, kwa kuwa muuzaji alituambia kupima kidogo kidogo ni hasara. Jioni ile tulitia mbolea katika beseni, tukaitawanya kwa viganja kama wanaolisha kuku. Hatukupima. Baadaye tulikisia kuwa kilo 6 zilikwenda. Baada ya siku tatu ukoka ulikuwa na mabaka ya rangi ya kahawa, yakifuata mapito yetu kana kwamba tumemwaga maji ya moto. Kisha ikanyesha mvua kubwa usiku kucha.

Jirani yetu, bwana shamba mstaafu ambaye sote twamwita Ami, alipiga hodi asubuhi. Tulidhani atayatazama majani. Akatazama kwengine.

"Kisima kiko hatua ngapi kutoka hapa?"

"Sita, Ami."

"Na ndani mna mtoto mchanga?"

Alikuwamo, wa dada yetu mkubwa, wa miezi miwili, naye akinyweshwa maziwa ya kopo.

"Basi maji haya asipewe," akasema, hata kabla hajaketi.

Mama alijibu kwamba maji ya mtoto huchemshwa, tena vizuri. Ami akamweleza kwa upole jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua. Yuria ikiingia ardhini hugeuka nitrati, na nitrati haishikwi na mchanga. Mvua huiteremsha moja kwa moja hadi kwenye maji ya chini. Kuchemsha huua vijidudu, lakini nitrati hubaki, na kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo inavyozidi kukolea. Mtu mzima huweza kuistahimili. Kwa mtoto wa miezi michache huidhoofisha damu isiweze kuchukua hewa, hata midomo yake ikageuka samawati. Dada alimchukua mwanawe akamtazama midomo, akamtazama tena. Alhamdulillahi, ilikuwa na rangi yake. Tangu saa ile maziwa yake yalikorogwa kwa maji ya chupa.

Ndipo Ami akaomba kalamu. Ukoka wa nyumbani, usiokuwa wa uwanja wa mpira, watosheka na gramu 10 za nitrojeni kwa kila mita mraba kwa mwaka mzima. Kwa ua wetu ni gramu 800. Yuria ina asilimia 46 ya nitrojeni, kwa hiyo mwaka mzima twahitaji kiasi cha kilo 1 na gramu 740. Tuliyoimwaga jioni moja ilikuwa ya miaka mitatu na zaidi. Yule mdogo wetu, mwenye harusi yake, alicheka kwanza, kisha akalia.

Tena kiasi hicho hakitiwi kwa mara moja. Katika mchanga wa pwani kigawanywe mara nne, gramu 435 kila mara, majira ambayo ukoka unakua kwa mvua na joto, na mara baada ya kutawanywa umwagiliwe maji ili mbolea isipotee hewani wala isiunguze majani. Wakati wa kiangazi ukoka ukilala, uachwe. Siku ya mvua kubwa pia uachwe. Majani yaliyofyekwa yakibaki pale pale huurudishia ardhi sehemu ya chakula chake, nasi miaka yote tulikuwa tukiyafagia na kuyatupa!

Harusi ilifanyika, na majamvi yakayafunika mabaka. Gunia tuliligawia majirani wenye mahindi. Tulibakisha kilo mbili katika mtungi wenye kifuniko, na juu yake umekaa mzani wa jikoni. Kuzunguka kisima, hatua 10 kila upande, hatutii kitu. Huko ukoka ni wa manjano kidogo, na mama hataki mtu auguse.