Komba wa Jirani

Tangu niache chuo, mimi huandika usiku. Hapa plotini Mtwapa anayebaki macho nami ni komba wa jirani, kwenye kizimba cha kuku barazani. Mchana wageni humwamsha wapige naye selfi. Ati mpole. Si mpole, ana usingizi!

Msituni angekuwa anaruka mti hadi mti, akitafuta wadudu, matunda na utomvu. Humu ni mkate, na kila akiruka anagonga waya.

Kinachomkera jirani ni harufu. Komba hukojolea viganja kisha hujipaka nyayoni. Kila anapopita panabaki alama yake, ndiyo anajua hapa ni kwake. Jirani naye kila asubuhi husugua kizimba mpaka king'ae. Basi kila jioni maskini anaamkia ugenini, anaanza upya.

Nikamwambia, mzee, sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali.

"Kijana, nilimwokota akiwa kama panya. Nikimwachilia ataenda wapi?"

Hilo waulizwe KWS, wao ndio wenye madaktari wa wanyama. Nimempa mpaka Ijumaa, halafu napiga simu mwenyewe.