Siku Mbili Katika Mji wa Lisbon kwa Mfuko Mmoja

Watu wengi hudhani ya kuwa kutembea katika miji ya Ulaya ni jambo la matajiri, na kwamba karani apataye bahati ya kufika huko yampasa kukaa chumbani mwake na kuhesabu siku za kurudi. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini mwezi wa Novemba 2023, nilipokuwa Uholanzi kwa mafunzo ya majuma manane, nilikwenda pamoja na rafiki yangu kuutazama mji wa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, tangu Ijumaa jioni hata Jumapili usiku. Nataka kuwaeleza wasomaji mambo tuliyoyaona na gharama tulizotoa, pamoja na kosa moja lililokaribia kuuharibu urafiki wa miaka ishirini.

Rafiki huyo tulisoma naye katika shule moja ya misheni, vitanda vyetu vikiwa jirani. Sasa yeye ni muuguzi katika hospitali huko Ujerumani. Aliposikia ya kuwa niko Uholanzi alinipigia simu akasema, "Ndugu yangu, utarudi nyumbani useme nini? Kwamba uliona darasa?"

Tulichagua Lisbon kwa sababu tatu. Kwanza, viza yangu ya Uholanzi iliniruhusu kuingia Ureno bila kuomba nyingine. Pili, katika mwezi wa Novemba wageni hupungua, na nauli hupungua pia. Tatu, Wareno si wageni kwetu. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498, na ile Fort Jesus ya Mombasa walianza kuijenga wao mwaka wa 1593. Tulitaka kuona mahali walikotoka.

Nauli yangu ya ndege, kwenda na kurudi, haikufika Euro 70, kwa sharti ya kwamba nichukue mfuko mdogo tu unaoingia chini ya kiti. Mwenye kuleta sanduku hulipa zaidi, na pengine malipo ya sanduku huipita nauli ya mwenye sanduku. Tulikutana katika uwanja wa ndege wa Lisbon, tukapanda treni ya chini ya ardhi iendayo mpaka mjini. Kila mmoja alinunua tikiti ya saa 24, isiyofika Euro 7, ambayo hutumika katika treni hiyo na katika mabasi na tramu. Tulilala katika nyumba ya wasafiri yenye vitanda vinane katika chumba kimoja, na jiko la kupikia ambalo kila mgeni ana ruhusa ya kulitumia. Juu ya kodi ya kitanda, mji wenyewe ulitoza Euro 2 kwa kila mtu kwa kila usiku.

Kosa letu tulilifanya usiku ule ule wa kwanza. Tulishuka katika mitaa ya Baixa, mahali penye taa nyingi, na mtumishi wa mkahawa mmoja akatuita mlangoni kwa maneno matamu. Hata hatujaagiza chakula, akatuwekea mkate, zeituni, siagi na jibini. Kwetu sisi, mgeni akiwekewa kitu mezani amekaribishwa. Tukala vyote tukamshukuru. Hesabu ilipoletwa, kila kimoja kilikuwa kimeandikwa na bei yake. Baadaye tuliambiwa ya kuwa hiyo ni desturi ya nchi nzima, wala si hila. Asiyevitaka husema tangu mwanzo, navyo huondolewa bila mtu kukasirika. Lakini sisi hatukujua.

Nikatia mkono mfukoni. Rafiki yangu akaivuta ile karatasi akasema, "Wacha, bwana. Wewe ni mgeni wangu." Akalipa peke yake. Nami nikanyamaza, na sitaficha ya kuwa nilifurahi. Nilisema moyoni mwangu, huyu anafanya kazi Ulaya, fedha hizi kwake si kitu.

Yapata saa nane za usiku niliamka nikaona kitanda chake ni kitupu. Nilimkuta jikoni, ameinamia simu yake akipiga hesabu. Nilimwuliza kuna nini. Kwanza alikataa kusema, kisha akaniambia kila kitu: mshahara ni mzuri ukiusikia, lakini hukatwa kodi ya serikali na bima, kisha kodi ya nyumba, kisha fedha za mama kila mwezi, na karo ya wadogo zake wawili. Fedha alizolipia chakula kile alikuwa amezitenga kwa ajili ya mdogo wake wa mwisho. "Na nyumbani nikisema sina," akaniambia, "ni nani atakayeniamini? Hata wewe ungeniamini?"

Swali hilo lilinichoma, maana miaka miwili kabla ya safari hiyo nilimwomba anisaidie kununua mabati, naye akaleta nusu ya kiasi nilichotaja. Sikumwambia neno, ila nilikasirika ndani yangu, nikakaa muda mrefu bila kumpigia simu. Sasa nilimwungamia jambo hilo. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Nilijua." Tukachemsha chai tukanywa.

Kabla ya kulala tulifanya mapatano. Kila mmoja alitoa Euro 50, tukazitia katika mfuko mmoja. Kwa kuwa mimi ni karani, niliwekwa kuwa mtunza hesabu, niandike kila senti katika daftari. Hakuna ruhusa ya mmoja kumkirimu mwenzake mpaka safari iishe.

Jumamosi tulitembea kwa miguu tangu asubuhi. Lisbon umejengwa juu ya vilima, na juu ya vilima hivyo pana viwanja ambavyo watu husimama kuutazama mji na mto Tagus bila kulipa kitu. Tulipita Alfama, mtaa wa kale wenye vichochoro vyembamba, nguo zimeanikwa madirishani. Mtu aliyezoea Mji wa Kale wa Mombasa hatapotewa na moyo hapo. Tuliona pia kanisa la Carmo, lisilo na paa hata leo, kuta zake zimesimama chini ya mbingu. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, lilitokea tetemeko kubwa la nchi, likafuatwa na moto na mawimbi ya bahari, na sehemu kubwa ya mji ikaangamia. Mitaa ya Baixa iliyonyooka kama mistari ya daftari ilijengwa baada ya msiba huo.

Mchana tulikula mahali wanapokula wafanya kazi, mbali kidogo na mitaa ya wageni. Tulipewa mchuzi wa viazi uliotiwa majani ya kijani yaliyokatwa nyembamba sana. Rafiki yangu alionja akacheka, akasema, "Lo! Sukuma wiki imetutangulia kufika." Jioni tulivuka mto kwa feri kwenda Cacilhas pamoja na watu waliotoka kazini, wamebeba mifuko yao, wengine wamesinzia. Ni kama feri ya Likoni, ila mto ule una daraja refu lililofunguliwa mwaka wa 1966, nalo huitwa kwa jina la tarehe 25 Aprili, siku ambayo serikali ya mabavu ya Ureno iliangushwa mwaka wa 1974. Mwaka uliofuata Msumbiji ilipata uhuru wake.

Jumapili tulipanda tramu namba 15 kwenda Belém, tukasali misa katika kanisa la watawa wa Jerónimos. Ujenzi wake ulianza mwaka wa 1501, na fedha nyingi zilitoka katika kodi iliyotozwa bidhaa za Afrika na za Mashariki. Karibu na mlango limo kaburi la Vasco da Gama. Alifariki huko Kochi, Bara Hindi, mwaka wa 1524, na mifupa yake ililetwa katika kanisa hilo mwaka wa 1880. Wareno waliokuwapo waliligusa jiwe lile kwa heshima. Sisi tulisimama tukikumbuka habari nyingine, ya kwamba mwaka wa 1505 Wareno waliuteka mji wa Mombasa wakauchoma moto.

Tulipotoka nje nilimwonyesha rafiki yangu jambo nililokuwa nikilisikiliza tangu Ijumaa. Wareno husema *mesa*, nasi twasema meza. Husema *bandeira*, nasi bendera. *Lenço*, nasi leso. *Caixa*, nasi kasha. Na kanisa wao huliita *igreja*, neno ambalo kwetu limekuwa gereza. Alifikiri kwa muda, kisha akasema, "Basi wazee wetu waliwaelewa vizuri." Hapo tuliingia katika foleni ya duka linalouza vitumbua vya maziwa na mayai tangu mwaka wa 1837. Tulinunua vinne, nikaviandika katika daftari.

Jioni, katika uwanja wa ndege, nilifunga hesabu. Katika Euro 100 tulikuwa tumetumia 89, kwa chakula, feri, tikiti za Jumapili na vitumbua. Zikabaki Euro 11, kama shilingi 1,800 za Kenya kwa wakati ule. Nilimwuliza zigawanywe vipi. Alinitazama bila kujibu, nami nikamwambia azipeleke kwa mdogo wake. Alizipeleka kwa simu pale pale, kabla hatujaitwa kwenye ndege.

Ndugu wasomaji, mtu akitaka kutembea na mwenzake katika mji wa kigeni, na wakubaliane habari ya fedha kwanza, kwa maneno yaliyo wazi, kabla ya kununua tikiti. Wachague mwezi usio na wageni wengi, wabebe mzigo mdogo, wale wanapokula wenyeji, na waulize bei ya kila kinachowekwa mezani. Tena, mwenye ndugu anayefanya kazi Ulaya asihesabu mshahara wake kwa kusikia tu. Amwulize hali yake, na akiambiwa nusu, aipokee kwa shukrani. Mabati yangu yamekwisha kuezekwa, nusu kwa fedha za rafiki yangu na nusu kwa zangu, na mvua haipiti popote.