Hataza na Madai

Ami yangu ni fundi wa mazulia hapa Don Mills. Majengo marefu ya mtaani kwetu yana korido ndefu, na zulia huja vipande vipande. Kazi yenyewe ni kuunga vipande viwili hadi mshono usionekane: utepe wenye gundi huwekwa chini ya kingo, pasi maalumu huyeyusha gundi, kisha kigurudumu chenye mpini hupitishwa juu ili kingo zishikane kabla gundi haijapoa.

Kigurudumu chake Ami alikitengeneza mwenyewe, kisha akatengeneza vingine vichache na kuwauzia mafundi wenzake. Mwaka jana ikaja barua ya kampuni moja: acha kuuza, tuna hataza ya chombo hiki. Niliisoma mimi, kwa sababu nyumbani mkalimani ni mimi. "Hataza ina madai tisa," nikamwambia. Akanyamaza, kisha akauliza, "Yote tisa nilipe mimi?"

Kwetu madai ni deni au kesi. Katika hataza, madai ni sentensi zinazoweka mipaka ya uvumbuzi, kama ua wa shamba: kilicho ndani ni cha mwenyewe, kilicho nje ni cha watu wote. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi ya Free World Trust dhidi ya Électro Santé, iliyohusu vifaa vya tiba ya sumaku. Ilisema kwamba chombo kikikosa sehemu iliyo ya lazima katika dai, hakijaingia ndani ya ua huo.

Tukasoma dai la kwanza pamoja: magurudumu mawili, na springi kati yake. Cha Ami kina gurudumu moja, springi hakina. Madai mengine manane yote yalianza kwa "chombo cha dai la 1". Nikafurahi, nikamwambia yuko nje ya ua.

"Ua nimeuona," akasema, "lakini mbwa wao yuko nje pia." Kumlipa wakili kungemgharimu zaidi ya alichopata kwa vigurudumu vyote. Akaacha kuuza.

Naomba klabu yetu ianze orodha ya maneno ya sheria kwa Kiswahili, yenye maelezo ambayo fundi ataelewa. Haitamlipia Ami wakili, lakini anayefuata atajua anachoogopa kabla hajaogopa.