Foto za mtu tusiyemjua, na barabara iliyo chini ya mawe

Nimerudi kutoka Goma salama. Nilipowaaga juma lililopita, wengi mliuliza nilichobeba ndani ya ile bahasha kubwa. Leo nawaeleza.

Mdogo wangu anakaa Ubelgiji. Kule Bruxelles kuna soko la vitu vya zamani, kwenye Place du Jeu de Balle. Mzee akifariki na watoto wakikosa pa kuweka vitu vyake, mara nyingi huishia pale: sahani, viatu, vitabu, na foto. Siku moja aliona hapo sanduku la diapo lililoandikwa «Zaïre 1983». Akalinunua kwa euro 5, akalituma Bukavu kwa mkono wa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani.

Vijana wetu hawazijui diapo. Ni kipande cha filamu cha milimita 24 kwa 36, kimefungwa ndani ya fremu ndogo ya karatasi ngumu au plastiki, sentimita 5 kila upande. Zamani watu waliziangaza ukutani kwa mashine yenye taa, jamaa wote wakaketi gizani kutazama safari ya mwenzao. Ukiishika mkononi huoni kitu. Ukiielekeza kwenye dirisha, watu wanatokea, wadogo kama siafu.

Zilikuwa 76, na jina la mwenyewe halimo. Mtoto wa dada yangu alizijaribu kwenye skana ya kawaida ya karatasi, zikatoka nyeusi tupu. Diapo inataka mwanga upite ndani yake. Basi tukaenda kwa fundi wa foto huko Ibanda, mwenye skana iliyo na taa kwenye kifuniko. Tulizishika kwa fremu tu. Vumbi tulilipuliza kwa kipampu cha mpira. Maji na kitambaa hatukuzigusisha. Zingine zilikuwa zimeota ukungu, zingine rangi imegeuka kuwa nyekundu. Tulitumia siku tatu, umeme ukienda na kurudi.

Huyo mtu alipenda sana gari lake. Limo katika foto 19, na kila mara ameandika kwenye fremu jina alilolipa gari hilo. Lakini wanawake wa sokoni, waliovaa vikwembe vizuri na kubeba ndizi kichwani, aliwaandikia neno moja tu: «marché». Gari lina jina, wamama hawana. Jambo hilo lilinikaa moyoni.

Foto 11 zilikuwa za Goma. Tulizitoa kwenye karatasi, nikasema nitazipeleka kwa wenyewe.

Boti iliondoka asubuhi, ikapita kando ya Idjwi, ziwa likiwa tulivu. Bandarini nilipokelewa na dada mmoja wa chama chetu cha huko, tukapanda moto mbili. Nilimwonyesha motari foto ya barabara pana, na nyuma yake kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Akaitazama, akacheka: «Mama, hapa si Goma.»

Sikumlaumu, alikuwa hajazaliwa. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Mawe ya moto yalishuka, yakafunika sehemu ya uwanja wa ndege, yakapita katikati ya mji mpaka ziwani. Kanisa kuu liliungua. Mahali pengine mawe yalipopoa yalikuwa yamefikia kimo cha mtu. Watu walirudi wakajenga juu yake, na kuta zao wakazijenga kwa mawe yale yale meusi. Kwa hiyo tulipofika mahali pa ile foto, barabara niliyokuwa naitafuta ilikuwa chini ya miguu yetu.

Jioni wamama walikusanyika uani kwa mmoja wao. Foto zilizunguka mkono kwa mkono. Mama mzee mmoja alishika ile ya kanisa, akakawia nayo. Akasema: «Nilitoka kwa mlango huu siku ya ndoa yangu, 1985, nimevaa gauni la kuazima.» Siku ya mlima alikimbia na watoto wanne na sufuria moja. Albamu ilibaki juu ya kabati, nyumba ikaungua nayo. Bwana wake naye amefariki.

Nilimwambia kwa upole: «Mama, foto hii ni ya 1983. Wewe haumo.»

Akajibu: «Najua. Lakini mlango umo. Wajukuu wangu watauona.»

Tulimwachia.

Foto ya sokoni ilileta ubishi. Mmoja alisema yule mwenye beseni ni mama wa jirani yake wa zamani huko Birere. Mwingine akakataa, akataja mtu mwingine. Tuliandika majina yote mawili nyuma ya foto, na alama ya kuuliza, maana jina la kubahatisha laweza kumfuta mwenye foto kuliko kumwacha bila jina.

Sasa nimebaki na foto 41 za mji wetu wa Bukavu. Jumamosi baada ya mkutano nitazitandika mezani. Njooni na mama zenu wazee, hasa wanaosahau mambo ya jana na kukumbuka ya zamani.

Na foto zenu wenyewe, msingoje. Andikeni majina nyuma, kwa penseli laini, bila kukandamiza. Ziwekeni pakavu, mbali na sakafu na unyevu wa ziwa. Mtoto mwenye simu azipige, kisha amtumie ndugu anayekaa mji mwingine, ili nyumba moja ikiungua, zibaki kwingine. Aliyekuja na gari lake alituandika «marché». Sisi tunajuana kwa majina, tuandikane.