Cixi na mageuzi yaliyochelewa

Kuanzia mwaka 1861 hadi 1908, neno la mwisho nchini China lilikuwa mara nyingi la mjane mmoja, Cixi. Wapo wanaomwita shetani, wapo wanaomtetea. Mimi kinachonisumbua ni kimoja: mwanamke mwenye akili namna ile alikataaje mambo ambayo baadaye aliyatekeleza kwa mkono wake?

Aliingia ikulu ya Beijing akiwa suria wa daraja la chini wa mfalme Xianfeng, akapanda cheo alipomzalia mtoto wa kiume mwaka 1856. Mfalme alipofariki mbali na Beijing, alikuwa amewaachia wazee wanane usimamizi wa mrithi huyo mdogo. Cixi, akiwa na miaka 25, aliungana na mke mkuu wa marehemu na shemeji yao, Mwanamfalme Gong. Wajane wakatangulia Beijing, na msafara wa jeneza ukiwa bado njiani wazee wale wakapinduliwa. Tangu hapo mtoto alikaa kwenye kiti cha enzi, na amri zikatoka nyuma ya pazia la hariri ya manjano.

Dola aliyoishika ilikuwa taabani tayari. Vita vya kasumba vilikwisha kuidhalilisha, uasi wa Taiping ulikuwa ukiua mamilioni, na mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipora kasri la kifalme, na Waingereza wakalichoma. Kumbebesha yeye peke yake lawama zote si haki.

Lakini lipo lililo lake. Katika ziwa la kasri lake la kiangazi kuna mashua iliyokarabatiwa mwaka 1893: chini ni mawe matupu, juu ni mbao zilizopakwa rangi zifanane na marumaru. Fedha za jeshi la majini ziliishia kwenye ujenzi wa kasri hilo, na vita na Japani vya 1894 vikaikuta China haijajiandaa.

Mwaka 1898 mfalme Guangxu, mtoto wa mdogo wake Cixi aliyerithi kiti baada ya mwanawe Cixi kufariki, alitangaza mageuzi ya shule, mitihani, jeshi na ofisi za serikali. Yalidumu siku 103. Cixi, akihofia kupinduliwa, alimfungia mfalme kwenye kisiwa ndani ya ikulu, na wanamageuzi sita wakakatwa vichwa. Miaka miwili baadaye aliwaunga mkono waasi walioitwa Mabondia dhidi ya mataifa ya kigeni, akashindwa, akaukimbia mji kwa mavazi ya mkulima.

Aliporudi, alifungua shule mpya, akakataza desturi ya kuwafunga wasichana miguu, na mwaka 1905 akafuta mitihani ya kale. Mengi yalikuwa yaleyale ya 1898. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako: alifariki Novemba 1908, siku moja baada ya Guangxu, akamwachia kiti Puyi wa miaka miwili. Mwaka 1912 dola ikakoma.

Ukaidi huu nimeuona kwenye vikao vya ukoo na vya kazini. Kijana analeta hoja, inapigwa chini. Mwaka unapita, mkubwa anaileta kama yake, na hasara imeshaingia. Hoja haikuwa mbaya, ila ilimtisha aliyekalia kiti. Basi ewe uliyepewa dhamana, hata ya familia tu, ukiletewa wazo pima uzito wake kwanza. Usianze kwa kuuliza limeletwa na nani.