Bosi Akiwa Likizo

Ukitaka kumjua meneja, usisome wasifu wake wala kuhesabu vyeti vya semina alizohudhuria. Subiri aende likizo, kisha nenda ofisini kwake wiki ya pili. Wiki ya kwanza bado watu wanatumia alivyoviacha tayari: vocha alizopitisha, barua alizotia sahihi, ahadi alizotoa mwenyewe kabla ya kuondoka. Wiki ya pili linazuka jambo ambalo hakuliachia jibu. Hapo utajua kama ofisi ile ina uongozi au ina mtu mmoja tu.

Ninaandika kutoka Göteborg, mji wa bandari magharibi mwa Uswidi, ambako nafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee ya manispaa. Huku likizo haichezewi. Sheria ya mwaka 1977 inampa mfanyakazi siku 25 za likizo kwa mwaka, pamoja na haki ya kupumzika wiki nne mfululizo kati ya Juni na Agosti. Bosi naye ni mfanyakazi, kwa hiyo naye anaondoka. Julai ikiingia, nusu ya nchi haipatikani. Viwanda vingine vinazimwa kabisa, na barua pepe zinajibiwa na kompyuta: mhusika yuko likizo mpaka tarehe fulani, ukiwa na shida wasiliana na fulani.

Lakini mzee wa miaka tisini hana Julai. Anataka chai yake asubuhi, anataka kuogeshwa, anataka dawa zake kwa saa zilezile. Kwa hiyo nyumba yetu haifungwi, na meneja anaondoka vilevile. Inawezekanaje?

Kwanza, maandalizi yanaanza theluji ikiwa bado iko nje. Tunaulizwa mapema kila mmoja anataka wiki zipi, wanatafutwa wafanyakazi wa muda wa kiangazi, wengi wao wanafunzi, nao wanapangwa zamu za kujifunza nyuma ya wenyeji kabla ya kuachiwa wenyewe. Meneja anamtaja anayeshika nafasi yake, jina linabandikwa ukutani na kutumwa kwa kila mtu. Kisha simu yake ya kazi anaifungia kwenye droo na kwenda zake. Nimeiona droo hiyo. Simu haikuwa imezimwa kwa bahati mbaya.

Pili, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, huku madaraka yanagawiwa kwa karatasi. Nikueleze jinsi mimi, nisiye muuguzi, ninavyoruhusiwa kuwapa wazee dawa.

Muuguzi ananiita ofisini kwake na kufunga mlango. Ananiuliza maswali. Dawa hii ya kuzuia damu kuganda, ukikuta mzee ana michubuko mipya utafanyaje? Umeingia jioni, ukaona kidonge cha asubuhi bado kimo kwenye kisanduku, unampigia nani, na je, unampa vyote viwili? Mzee amekataa dawa, amefunga mdomo, unafanya nini? Akiridhika na majibu yangu, anatoa fomu. Ina jina langu. Ina orodha ya kazi, na anaweka alama kwenye zile tu anazonikabidhi: vidonge ndiyo, matone ya macho ndiyo, insulini hapana, labda baadaye. Ina tarehe ya mwisho, ambayo haiwezi kuzidi mwaka mmoja. Anatia sahihi, nami natia sahihi. Ruhusa ile ni yangu binafsi, siwezi kumpa mwenzangu hata kama amefanya kazi hii miaka ishirini. Naweza kuikataa kama naona sijawa tayari, na yeye anaweza kuifuta siku yoyote akiona mambo hayaendi.

Baada ya hapo haniulizi kila jioni. Ninachotoa nakiandika, yeye anaona. Likitokea jambo lililo nje ya karatasi ile, nampigia muuguzi wa zamu, na hakuna anayenicheka kwa kupiga. Manispaa nayo ina kitabu chake cha namna hiyo: kila aina ya uamuzi, na mbele yake cheo cha mtu anayeruhusiwa kuufanya kwa niaba ya kamati ya madiwani. Akishaamua, anaripoti. Ndiyo maana bosi anaweza kwenda kuvua samaki kisiwani bila kubeba ofisi mfukoni.

Dar es Salaam, kabla ya kuja huku, nilifanya kazi katika ofisi ambayo sitaitaja. Wengi wenu mnaijua hata bila jina lake, kwa sababu ziko nyingi. "Bosi yuko Dodoma." Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia huko kwelikweli, sentensi hiyo imekuwa jibu la kila kitu. Gari lipo, dereva yupo, anayekwenda kukagua mradi ameshavaa viatu vya kazi, ila kibali cha mafuta hakijatiwa sahihi. Kwa katibu muhtasi faili zinapandana mezani kama chapati kwenye hotpoti, na za chini zimeshapoa.

Na kaimu yupo! Hilo ndilo linaloudhi. Ana barua, imeandikwa vizuri, kumbukumbu namba fulani, inasema anateuliwa kukaimu nafasi hiyo kuanzia tarehe hii mpaka ile. Haisemi anaweza kuamua nini. Kwa hiyo ukimpelekea dokezo, analisoma mara mbili, analigeuza kana kwamba kuna kitu nyuma yake, kisha anachukua simu na kutoka kwenda ukumbini. Unamsikia kwa mbali: "Shikamoo bosi, samahani kwa usumbufu..." Sauti inashuka. Anarudi, anakaa, anakurudishia karatasi yako. "Amesema tumsubiri."

Usimlaumu. Kila mtu katika ofisi ile alikumbuka yaliyompata kaimu aliyetangulia. Alipitisha malipo madogo ya mkandarasi wa usafi, ambayo yalikuwa halali na yalikuwa yamechelewa. Bosi aliporudi alishika vocha ile mbele ya kikao na kuuliza, "Nani alipitisha hii?" Hakufuta malipo, maana hayakuwa na kosa. Aliuliza tu. Kuanzia siku hiyo hakuna kaimu aliyepitisha hata chai ya wageni.

Ndiyo maana nasema ujuzi mkubwa wa kugawa madaraka uko kwenye kurudi kuliko kwenye kuondoka. Kuandika barua ya kukaimu ni kazi ya dakika tano. Kurudi ukakuta uamuzi ambao wewe usingeufanya hivyo, ukauacha usimame kwa sababu haukuvunja utaratibu wowote, hiyo inataka moyo. Meneja wetu hapa alirudi Agosti mmoja akakuta naibu wake amebadilisha mpangilio wa zamu za wikiendi. Hakuupenda, uso ulisema. Aliuacha mpaka ratiba ile ilipokwisha, wakazungumza wawili faraghani, na sehemu yake moja ikabaki mpaka leo.

Watanzania wenzangu wa huku wanapenda kulimaliza jambo hili kwa neno utamaduni. Wazungu hawana vyeo, wanasema, wanaitana kwa majina, sisi tuna shikamoo. Mimi sikubali. Hata Waswidi hawakuzaliwa hivyo. Hadi miaka ya 1960 walikuwa wakiitana kwa vyeo kwa ukali ambao ungemfurahisha katibu tarafa yeyote. Mwaka 1967 Bror Rexed, aliyekuwa anaingia kuongoza mamlaka ya taifa ya afya, aliwatangazia wafanyakazi wake kwamba angezungumza na wote bila vyeo, na jambo hilo lilikuwa habari nchi nzima. Na shikamoo haijawahi kumzuia mtu kutia sahihi kibali cha mafuta.

Wala tusiseme kumsikiliza mfanyakazi ni jambo la kigeni kwetu. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza yaundwe mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata ukaja Mwongozo wa TANU, ambao kipengele chake cha 15 kiliwakemea viongozi wenye kiburi na wanyanyasaji, na wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam wakakichukua neno kwa neno mpaka wakawagomea mameneja. Sheria ya Uswidi inayomlazimisha mwajiri kushauriana na vyama vya wafanyakazi kabla ya mabadiliko makubwa ilianza kutumika 1977. Kwa kalenda, sisi tulitangulia. Mabaraza bado yapo katika taasisi za umma. Mengi nijuayo yanakutana kupitisha bajeti iliyokwisha kuandikwa, yanakunywa soda, yanapiga picha ya pamoja.

Kinachomfanya bosi wa nyumbani ashike kila kitu, kwa maoni yangu, ni hofu kwanza. Sahihi inamfuata mtu. Mkaguzi akija miaka mitatu baadaye hataulizia nani alikuwa Dodoma, ataulizia nani alisaini. Na tulipitia kipindi ambacho mkuu wa taasisi angeweza kutumbuliwa jukwaani, kamera zikiwaka, kwa jambo lililofanywa na msaidizi wake. Mtu aliyeona hayo hagawi kalamu. Sababu ya pili haisemwi kwenye semina: kibali ni ulaji. Anayepitisha safari ndiye anayepitisha posho, na anayepitisha posho hupigiwa magoti. Huyo hata umpe fomu ya muuguzi wangu, ataifungia kabatini.

Katika biashara binafsi ni hadithi hiyohiyo kwa nguo nyingine. Duka la jumla lenye vijana kumi, ila namba ya siri ya malipo ya simu anayo mzee peke yake. Mzee akilazwa, mzigo unakaa bandarini.

Sitaki mdhani huku ni peponi. Uswidi wana ugonjwa wao, nao unaitwa mkutano. Kila mtu lazima asikike, na wote wakishasikika, uamuzi unasogezwa kwenye mkutano unaofuata. Nimekaa kikaoni nikajadili mahali pa kuweka mashine ya kahawa kwa muda ambao mama ntilie wa Buguruni angekuwa ameshalisha mtaa. Bosi hakwambii umekosea, anakwambia "tunaweza kufikiria njia nyingine", na kama hukuelewa, utaelewa kwenye nyongeza ya mshahara. Na Julai kama jambo lako haliko kwenye orodha ya naibu, pole sana.

Tena wana ubaridi. Nilipofiwa na mama mdogo, meneja alinipa siku zangu bila swali na kuniambia pole. Basi. Dar es Salaam bosi yuleyule wa "nani alipitisha hii" alikuja msibani kwa mwenzetu, akakaa kwenye mkeka, akakabidhi rambirambi kwa mkono wake, akamjua shangazi kwa jina. Hilo huku sijaliona, na ninalikosa.

Ila angalieni hata huruma ile inavyofanya kazi. Dada mmoja wa masjala mtoto wake alizidiwa na homa usiku, asubuhi akaja kuomba ruhusa. Bosi angempa, tena na nauli ya bajaji juu. Lakini bosi alikuwa safarini, kaimu hakuthubutu, na dada yule alikaa mezani mpaka saa nane akisubiri simu irudi hewani. Huku mzazi anapiga simu alfajiri, anasema mtoto anaumwa, anabaki nyumbani, na mfuko wa bima ya jamii unamlipa sehemu kubwa ya mshahara wa siku hiyo. Hakuna anayemhurumia wala hahitaji kuhurumiwa. Ningependa tuwe na vyote viwili, mkeka wa msibani na ruhusa isiyongoja mtu.

Kwa hiyo wewe unayeongoza idara, kitengo, shule au duka, na una likizo inakuja: andika ukurasa mmoja. Anayekaimu anaweza kuamua nini, kwa kiasi gani cha shilingi, na jambo likizidi hapo amtafute nani asiye wewe. Msomee, aulize maswali, mtie sahihi wote wawili, na nakala ipewe kila mtu, mpaka mlinzi. Wiki mbili kabla hujaondoka mwachie aongoze kikao ukiwa umekaa pembeni, na usidakie. Ukirudi, alichoamua ndani ya ukurasa ule kiwe chako, hata mbele ya mkaguzi. Kama kuna cha kurekebisha, funga mlango kwanza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 za likizo kwa mwaka. Zichukue zote, mfululizo.